Dakika Mbili Pungufu

"Mjomba, hii umeiosha au umeikaanga?"

Mpwa wake alikuwa ameinua kipande cha filamu kwenye mwanga wa dirisha, amekishika kingo kwa ncha za vidole, jicho moja kalifumba. Fundi alikuwa akifuta miwani kwa upindo wa shati, na kwa namna alivyoifuta ungedhani kosa liko kwenye miwani.

"Nyeusi tii," binti akaendelea. "Tazama hapa kwenye mtandio wa Mama. Hata jua halipenyi."

Kwenye negativu, kama wajuavyo waliowahi kuishika, cheupe huonekana cheusi na cheusi huonekana cheupe. Mtandio aliovaa dada yake Fundi siku ya kupigwa picha ulikuwa mweupe pe, kwa hiyo hapo ulikuwa bonge la weusi lililomkalia kichwani.

"Negativu yenye afya ndivyo ilivyo," Fundi akasema. "Nene, imeshiba. Nimesafisha picha za watu miaka arobaini na mmoja, sijaona mteja aliyerudi kulalamika kwamba negativu yake imenenepa."

"Kwa karatasi, sawa. Kwa mashine hii haifai."

"Ng'ombe hazeeki maini, mwanangu."

"Maini hayazeeki, Mjomba. Macho je?"

Fundi akavaa miwani yake. Angekuwa mtu mwingine angemtolea uvivu, lakini huyu alikuwa mpwa, na mpwa ana ruhusa ya kumtania mjomba wake mpaka amtoe machozi. Tena alijua anachokisema. Alifanya kazi katika duka la kuchapisha na kutoa nakala, na kutwa nzima aliingiza kwenye kompyuta picha za watu zilizoliwa na mende. Jumamosi hiyo alikuwa ameibeba skana yake mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya kulia chakula ya mjomba wake, akakiingiza kile kipande, na sasa wote wawili walikuwa wanatazama kioo cha kompyuta.

Dada alitokea ameketi kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani. Upande wa kivulini ulikuwa safi kabisa: sikio, shingo, mikunjo ya gauni. Upande wa dirishani haukuwepo. Mtandio na nusu ya uso vilikuwa vimeingiliana vikawa weupe mmoja usio na kitu ndani, kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

"Huwezi kuurudisha?" Fundi akauliza. "Si mnasema kompyuta inaweza kila kitu?"

"Inaweza kurudisha kilichopita kwenye filamu. Hapa taa ya skana imegonga mwamba. Haikuona kitu, mimi nirudishe nini?" Akashusha sauti kidogo. "Uliiosha dakika ngapi?"

"Kumi. Kama siku zote."

"Na tangi la dawa, ulilipindua vipi?"

"Kama siku zote."

Siku zote maana yake ni kwa nguvu na bila kupumzika. Zamani, kwenye studio, hiyo ndiyo ilikuwa kazi nzuri. Walikuwa wakitumia karatasi za bei rahisi, na negativu isiposhiba dawa, picha ilitoka imepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia. Taa ya mashine ya kukuzia picha ilikuwa kali, ikipenya unene wowote. Kwa hiyo mkono wa Fundi ulijifunza dakika kumi, ukajifunza kupindua tangi kwa nguvu, na studio ilipofungwa akauhamishia mkono huohuo bafuni kwake. Mkewe alivumilia miaka sita, kisha akaenda kuishi kwa mwanawe mkubwa, akasema hawezi kuzeeka ndani ya nyumba inayonuka siki.

"Filamu ya pili hujaigusa?" binti akauliza.

"Iko kabatini."

"Basi hiyo iende dakika nane. Na pindua taratibu, mara mbili kwa dakika, unaweka chini. Itatoka nyembamba. Skana inapenda nyembamba."

"Nyembamba," Fundi akarudia, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa.

"Na Mama akija tumwambie ya kwanza imeungua upande mmoja, asije akatarajia..."

"Mama yako usimwambie."

Binti akageuka. "Kwa nini?"

"Iko ya pili. Tungoje ya pili, ndipo tuseme."

Alilisema haraka, bila hata kulifikiria, na tayari mkono wake ulikuwa umeshakifunika kile kipande kwa gazeti. Hapo ndipo alipoanza tena, na hakujua kwamba ameanza.

Inabidi kurudi nyuma kidogo, maana bila hivyo mtu atashangaa kwa nini mzee mzima atoke jasho kwa ajili ya filamu mbili. Miaka arobaini na mmoja iliyopita Fundi hakuwa fundi wa kitu chochote. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza ana wiki tano studio, anafagia na kujifunza. Dada yake, aliyekuwa akifua mashuka kwenye dobi la hospitali, akamleta mwanawe wa kwanza apigwe picha, mtoto wa kiume wa miezi saba. Bosi akapiga picha nane. Kisha akamkabidhi kijana ile filamu, akamwambia, "Haya, mjomba wa mtoto, safisha mwenyewe leo."

Kusafisha filamu kuna dawa mbili. Ya kwanza huitoa picha, ya pili huigandisha isibadilike tena. Ukianza na ya pili, basi: kila kilichokuwemo kinaondoka na maji, filamu inabaki wazi kama kioo cha dirisha. Chupa zilikuwa mbili za rangi moja, na kijana alianza na ya pili.

Kosa lenyewe si la ajabu. Kila aliyefanya kazi hiyo amewahi kulifanya, na waongo tu ndio wanaokataa. Ajabu ni kilichofuata. Dada alipokuja kuulizia picha aliambiwa bado inakauka. Wiki iliyofuata akaambiwa karatasi zimekwisha. Baadaye ikawa mashine ni mbovu, kisha bosi kasafiri na ufunguo. Miezi miwili ikaisha hivyo, na muda wote huo mtoto alikuwa hai, amenenepa, anacheka na kila mtu, angeweza kuletwa tena hata kesho yake. Kisha akashikwa na homa. Siku ya nne akafa. Baada ya maziko dada alikwenda studio mwenyewe, hakumkuta mdogo wake, akamkuta bosi, na bosi, asiyejua lolote, akapekua droo mpaka akaitoa filamu tupu iliyoviringishwa ndani ya soksi.

Dada hakumpiga mdogo wake wala hakumtukana. Aliendelea kumpakulia chakula akienda kwake, akamlea mpaka akaoa. Ila tangu siku hiyo hakukaa mbele ya kamera ya mtu yeyote. Kwenye harusi alisimama nyuma ya nguzo. Simu zilipokuja na kamera zake akajifunza kugeuka upesi kuliko kidole cha mpigaji. Picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, na humo anatazama kama mtu anayeibiwa.

Wiki tatu zilizopita alipiga hodi kwa mdogo wake, amevaa gauni la kutokea na mtandio mweupe uliopigwa pasi.

"Binti yako huyo," alisema, maana akimkasirikia binti yake humfanya wa mjomba, "kaniuliza siku nikifa wataweka nini mezani. Kitambulisho?"

"Ana simu nzuri, Dada. Si akupige yeye?"

"Aliyeharibu ndiye atakayetengeneza. Kamera yako unayo au huna?"

"Ninayo."

"Piga basi, kabla sijabadili nia. Nitakaa leo. Kesho usiniite, kwa sababu sitakaa tena."

Fundi alipiga filamu mbili nzima.

Jumamosi hiyo dada alifika saa nane mchana, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye kochi na papo hapo akaanza kuvikunja vitambaa vya mikono ya makochi. Miaka thelathini na tisa ya dobi ilikuwa imemwachia ugonjwa huo. Kitambaa kikimkaribia lazima kikunjwe, pembe kwa pembe. Binti akamletea maji ya kunywa.

"Ya kwanza ikoje?" dada akauliza, bila kumtazama mtu.

Binti akamtazama mjomba wake. Mjomba akaitazama saa ya mezani.

"Nzuri," Fundi akasema. "Bado inakauka."

"Tangu jana?"

"Hewa ina unyevu, Dada."

Dada akakunja kitambaa kingine. Binti akaenda kukaa mbele ya kompyuta yake amewapa mgongo. Fundi akachukua filamu ya pili kabatini, akaingia bafuni na kufunga mlango.

Bafu lenyewe lilikuwa dogo, mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akapakata mfuko wake mweusi usiopitisha mwanga, wenye mikono miwili kama ya shati, akaingiza mikono yake humo mpaka viwiko. Ndani kulikuwa na filamu, mkasi, tangi dogo la plastiki na kigurudumu chenye mifereji. Huko vidole vilikuwa peke yavyo. Vilikata ulimi wa filamu, vikaitafuta njia ya mfereji, vikaanza kuizungusha kidogo kidogo, kushoto, kulia, kushoto. Alikuwa ameifanya kazi hii akiwa na homa, akiwa na usingizi, mara moja akiwa amelewa harusini. Leo filamu ilikwama mara mbili. Mara ya pili alilazimika kuifunika filamu ndani ya tangi na kutoa mikono, akaifuta jasho kwa taulo na kuirudisha.

Tangi lilipofungika aliliweka chini, akashughulikia maji ya kuchanganyia dawa. Yalitoka bombani yakiwa na joto, kwa hiyo aliiweka chupa ya dawa ndani ya beseni la barafu na kusubiri kipimajoto kishuke hadi nyuzi ishirini. Kila chupa aliifungua na kuinusa, akaifunga, akainusa tena. Ya pili ina harufu ya siki, ya kwanza haina. Tangu siku ile hajawahi kumimina dawa bila kunusa, hata chupa ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa kama mlango wa ofisi.

Akamimina ya kwanza. Saa ikaanza.

Alipindua tangi mara mbili, akaliweka chini. Ilikuwa tabu kuliweka chini. Mikono ilikaa magotini ikitaka kazi. Dakika ya pili, akapindua mara mbili, akaliweka. Alijiona kama mpishi aliyekatazwa kukoroga. Dakika ya nne alimsikia dada yake sebuleni akimuuliza binti yake kitu, na binti akijibu kwa neno moja. Dakika ya sita alijiambia kwamba huyu mtoto anajua kompyuta, hajui dawa. Nani alimwambia kuhusu dawa hii? Kitabu? Rafiki? Dakika ya saba alifikiri kuhusu tisa. Si kumi, tisa. Akiongeza dakika moja tu kwa heshima ya umri wake, nani angejua?

Dakika ya nane ilipofika mkono ulikataa. Ulikuwa umeshika kifuniko na haukufunua. Mazoea yana taabu, na ya miaka arobaini na mmoja yana taabu zaidi. Fundi aliutazama mshale wa sekunde ukipita kumi, ukipita kumi na tano. Kisha akaukumbuka ule ukuta wa chokaa kwenye kioo cha kompyuta, akatukana kidogo kwa sauti ya chini, akafunua na kuimwaga dawa yote.

Maji. Dawa ya pili, kwa harufu yake. Dakika tano. Maji tena, mara nyingi. Mwisho maji ya betri, yale yasiyo na chumvi, na tone moja la sabuni ya vyombo ili filamu isiote madoa ikikauka. Ndipo akafungua, akashika mwanzo wa filamu na kuivuta juu, kwenye mwanga wa kidirisha.

Filamu ilikuwa hafifu. Ilikuwa na rangi ya majivu kutoka mwanzo mpaka mwisho, picha zimekaa juu juu kama pumzi kwenye kioo. Mtandio, ambao kwenye filamu ya kwanza ulikuwa mweusi tii, hapa ulikuwa kijivu tu, na mwanga wa dirisha ulipita ndani yake kama unavyotaka. Studio angechapwa kwa kazi hii. Bosi angeiinua mbele ya wafanyakazi wote na kuuliza ni nani aliyeipa filamu utapiamlo.

Akaketi tena juu ya ndoo. Kwa hiyo ya kwanza imeungua, ya pili haikuiva, na dada yake amesema hatakaa tena.

"Vipi huko?" sauti ya dada ikapenya mlangoni. "Zimetoka?"

Jibu lilikuwa tayari. Lilikuja lenyewe, lote, hata kabla ya swali kwisha: bado, Dada, ngoja ikauke. Lilikuwa jibu zuri. Lingempa leo na kesho. Jumatatu angesema skana imegoma, na Jumatano angepata la kusema Jumatano. Alilisikia kinywani mwake, na likamwogofya, kwa sababu lilikuwa na ladha ileile, hata maneno yalikuwa yaleyale.

Alisimama. Hakuning'iniza filamu wala hakunawa mikono. Akafungua mlango na kutoka nayo vilevile, inamdondoshea maji miguuni, ikaandika mstari wa matone kutoka bafuni mpaka katikati ya sebule.

"Dada," akasema, "nadhani nimeiharibu."

Binti akaruka kutoka kitini. Dada hakusimama. Mkono wake ulibaki juu ya kitambaa kilichokunjwa nusu.

"Na ya kwanza nilikudanganya," Fundi akaendelea, na sauti yake haikuwa nzuri. "Ilikauka jana. Imeungua upande mmoja, uso wako nusu haupo. Nilimkataza binti asikuambie. Hii ya pili imetoka hafifu, ina utapiamlo, nadhani hakuna kitu humo. Ni mimi. Si filamu, si maji, si hewa. Ni mimi."

Matone yakaendelea kuanguka sakafuni.

"Umekaa nayo muda gani humo ndani?" dada akauliza.

"Hii?"

"Hiyo. Tangu uone imeharibika mpaka uje hapa."

Fundi alifikiri, maana aliona dada anataka jibu la kweli. "Dakika mbili. Labda tatu."

"Mara ile ulichukua miezi miwili."

"Ndiyo, Dada."

"Basi umejitahidi," dada akasema, akamalizia kukikunja kitambaa chake.

Binti hakuelewa walichokuwa wanazungumza, lakini alielewa filamu. Alikuwa ameshamnyang'anya mjomba wake, ameiinua dirishani, na sasa alikuwa anapiga kelele. "Nani kakuambia imeharibika? Mjomba, nani kakuambia? Hii ndiyo! Hivi ndivyo! Ee Mungu, mzee huyu ataniua kwa presha. Iko wapi kamba? Vibanio viko wapi? Usiipulizie!"

"Usimfanyie mjomba wako makelele," mama yake akamwambia. "Na usiikamue hiyo kwa vidole. Kitu chepesi huachwa kijichuje chenyewe."

Wakaining'iniza bafuni, kibanio kimoja cha nguo juu na viwili chini ili isijikunje, wakafunga mlango vumbi lisiingie. Ilihitaji saa mbili. Binti akafuta matone sakafuni, kisha akasema anakwenda dukani kutafuta sukari, ingawa sukari ilikuwepo. Akawaacha wenyewe.

Fundi akamimina chai vikombe viwili. Dada ndiye aliyeanza kusema.

"Sijawahi kukuuliza ilikuwaje. Siku ile."

Fundi akamweleza. Chupa mbili za rangi moja, bosi anamwita kutoka nje, yeye anaharakisha ili aonekane mwepesi. Ilikuwa hadithi fupi mno. Alikuwa ameibeba maisha yake yote na ilikwisha kabla chai haijapoa.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Mimi nimewahi kutia rangi mashuka mia mbili ya wodi ya wazazi," dada akasema. "Yalitoka bluu. Kosa halikunitoa machozi." Akasogeza kikombe chake. "Ningemleta tena, unajua. Ungesema tu. Ningemleta hata mara kumi, ningemvisha ile fulana nyeupe kila siku. Hilo ndilo lililonila. Si filamu."

"Najua."

"Hujui. Lakini sawa."

"Nilikuogopa, Dada."

"Mimi?" Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, akamtazama hasa, kama anayetafuta mahali pa huo woga. "Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, kilo arobaini na nane. Ukaniogopa mimi." Akatikisa kichwa, na Fundi aliyapangusa macho yake kwa mkono uleule wenye harufu ya siki, yakamuwasha mpaka jioni.

Saa kumi na moja filamu ilikuwa imekauka. Binti, aliyerudi bila sukari, akaikata vipande vya picha sita sita, akachagua kimoja, akakipuliza kwa kipira cha hewa na kukilaza kwenye skana. Mashine ikaanza kunguruma taratibu. Fundi alisimama nyuma, karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu anaweza kuondoka.

Picha ilikuja kwa mistari, kutoka juu. Mtandio kwanza, na safari hii ulikuwa nguo: uzi kwa uzi, mstari wa pasi, pindo lililoshonwa kwa mkono. Kisha mwanga wa dirisha ukashuka, ukafika usoni, na uso ulikuwepo. Wote. Vinyweleo vya kando ya sikio, mistari ya kipaji, nyusi, vifuko chini ya macho, kovu dogo la mvuke wa pasi kwenye shavu ambalo Fundi alikuwa amelisahau.

"Mjomba," binti akasema polepole, "njoo uone utapiamlo wako."

Akaja. Akainama, akavua miwani, akaivaa. Dakika mbili tu, alikuwa anafikiri. Ni watu wangapi amewakaanga maishani mwake kwa dakika mbili? Lakini hakusema hivyo. Alisema, "Hm."

"Hm," binti akamwigiza. "Basi tuone inayofuata."

"Ngoja," dada akasema.

Alikuwa amevuta kiti mpaka karibu kabisa. Aliutazama uso wake mwenyewe bila tabasamu, na bila ile hali ya mtu anayeibiwa. Alichukua muda. Kisha akanyanyua mkono wa kulia, mkono mpana uliochubuliwa na maji na sabuni, akauweka juu ya kioo cha kompyuta, kiganja kizima. Akausogeza chini kidogo, akaurudisha juu kidogo. Ulifunika mdomo, kidevu, mashavu na kovu. Vilivyobaki ni kipaji, nyusi na macho mawili.

"Sogea hapa," akamwambia mdogo wake.

Fundi akapiga magoti kando ya kiti.

"Kuanzia hapa mpaka hapa," dada akasema. "Alikuwa hivi. Macho haya, na alikuwa anakunja hapa akitaka kulia. Unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

Binti alikuwa ameshika kipande kingine cha filamu, tayari kukilaza. Alimtazama mama yake, akakitazama kioo, na hakuuliza ni nani. Akakishusha kile kipande juu ya karatasi yake, kwa uangalifu, kisichafuke.

Skana ilikuwa imemaliza kunguruma. Kiganja kilibaki pale pale juu ya kioo, kikiacha alama ya jasho pembeni, na hakuna aliyemwambia akiondoe.